Chausiku wa Kila Mwaka

Kulikuwa na nchi moja ambamo kila kitu kilikuwa kimezinduliwa, na vichache vilikuwa vimeanza. Hospitali zilizinduliwa kabla ya dawa, mabomba kabla ya maji, na barabara moja ilizinduliwa mara tatu kwa kuwa utepe wake ulikuwa mzuri. Jina la nchi hiyo halitatusaidia kitu. Anayeijua anaijua, na asiyeijua amshukuru Mungu wake.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwalimu wa Lugha ya Taifa aliyeitwa Sikudhani Machano. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa amefundisha Shule ya Msingi Mwendapole tangu ujana wake. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa sababu walikuwa wameshakata tamaa ya kupata mtoto. Yeye mwenyewe hakuna kitu kilichomshangaza tena. Aliwahi kupewa cheti cha mafunzo ambayo hayakufanyika, akaambiwa apige makofi, akapiga. Aliwahi kupandishwa cheo Jumatatu na kuteremshwa Jumanne kwa sababu aliyekusudiwa alikuwa Sikudhani mwingine. Moyo wake ulikuwa umeota sugu kama kisigino, na wala haukumuuma.

Basi siku moja Wizara ya Lugha, Mitandao na Sifa za Taifa ikaleta Mpango wa Dunia Darasani. Wafadhili wa nchi moja ya theluji walikuwa wametoa kompyuta, kamera, skrini kubwa ya kutundika ukutani, na programu ya kuwawezesha watoto wa nchi mbili kuonana na kuzungumza. Watoto wa theluji wangejifunza lugha ya nchi hii, na watoto wa nchi hii wangeifahamu dunia.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Bakora, alikuja kukata utepe.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani dunia ilikuwa mbali. Leo Serikali yenu imeileta karibu, tena kwa waya! Kuanzia sasa mtoto wa Mwendapole akipiga chafya, mtoto wa ng'ambo atamwambia 'afya'. Niambieni, ni nchi ngapi zinaweza kujivunia jambo hilo?"

Wananchi hawakujua ni ngapi, kwa hiyo walishangilia.

Kusimamia mpango huo aliteuliwa Bwana Tindwa, akapewa cheo cha Afisa Ushirikiano wa Dunia wa Wilaya. Alikuwa mtu mfupi mwenye kutokwa na jasho jingi, na hakuwahi kutoka nje ya wilaya.

*

Jambo lililoitia aibu Wizara ni kwamba mpango ule ulifanya kazi.

Kila Alhamisi skrini iliwaka, na watoto wa theluji wakapunga mikono wakiwa wamevaa masweta. Mwalimu wao, Bi Linnea, alikuwa amejifunza lugha vitabuni, hivyo alizungumza kama mtangazaji wa redio ya zamani. Alipenda kila kipindi kianze kwa watu kujitambulisha upya, hata kama wanajuana, ili ndimi zizoee. Kulikuwa na ubao wa pamoja mtandaoni, huyu akiandika neno huku, mwenzake akichora picha kule. Siku moja kijana mmoja wa theluji alichora ng'ombe mwenye pembe kubwa chini ya neno "ngome", na watoto wakacheka pande zote mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Aliyecheka zaidi alikuwa Chausiku, binti wa mama aliyeuza mihogo ya kukaanga kwenye lango la shule. Mwenzake wa ng'ambo aliitwa Tuva, msichana wa umri wake aliyeng'oka jino la mbele. Wawili hao walishikana kama ulimi na mate. Tuva akikosea, Chausiku hakumwonea haya.

"Mimi napenda wewe," Tuva alimwambia siku moja.

"Hatusemi hivyo. Sema nakupenda. Neno moja tu, limekwisha."

"Nakupenda."

"Ehe. Sasa umesema."

Mwalimu Sikudhani alijikuta anaingoja Alhamisi. Lilikuwa jambo geni kwake, lenye maumivu kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma. Akawa anafika shuleni mapema, anaifuta skrini kwa kitambaa chake mwenyewe.

Ndipo Alhamisi moja, baada ya kujitambulisha, Tuva akasema, "Nchi yenu ni nzuri nyumbani kwenu mnakunywa maji gani?" Aliyasema yote kwa pumzi moja, maana alikuwa bado hajafundishwa kituo.

"Ya lambo," Chausiku akajibu. "Tunachota alfajiri kabla ng'ombe hawajaingia. Wakishaingia, tunangoja yatulie."

Tuva akainamisha uso. Bi Linnea akaweka mkono mdomoni. Chausiku alidhani hawakuelewa, akarudia polepole kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni: "La-mbo."

*

Habari ya lambo ikatoka kwenye gazeti moja dogo la nchi ya theluji, karibu na tangazo la viatu. Mheshimiwa Bakora hakulala vizuri. Akaita kikao, akatamka maneno ambayo baadaye yalichapishwa kwenye kalenda ya Wizara: "Mazungumzo ya moja kwa moja yana kasoro moja kubwa ya kiufundi. Mwenzako anaweza kuuliza."

Bwana Tindwa akafika Mwendapole na mafundi wawili, akamkuta Mwalimu Sikudhani anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, hongera. Shule yako imechaguliwa kuingia Awamu ya Pili."

"Awamu ya Pili ni nini?"

"Tumehifadhi kipindi kimoja cha wenzetu. Picha zao, sauti zao, kila kitu. Tutakuwa tunakiwasha kila Alhamisi, na watoto wako watajibu palepale panapotakiwa. Hakuna kukatika kwa mtandao, hakuna bando, hakuna maswali mapya."

"Kwa hiyo nitakuwa nashirikiana na video?"

"Utakuwa unashirikiana na dunia, Mwalimu. Dunia iliyotulia."

Kumbe kipindi pekee kilichohifadhiwa kilikuwa kilekile cha lambo. Mafundi walikuwa wamejaribu kuliondoa swali la maji wakashindwa, kwa kuwa lilikuwa limegandana na sentensi "nchi yenu ni nzuri", na Mheshimiwa alikuwa ameamuru sentensi hiyo isiguswe hata kwa ukucha.

"Likifika swali hilo," Bwana Tindwa alieleza, "darasa zima lijibu: Maji safi na salama, ahsanteni!"

"Lakini yule mtoto baada ya jibu anainamisha uso kwa huzuni."

"Ni wivu. Kwao maji yameganda."

"Na wenzetu wa ng'ambo mmewaambia nini?"

"Kwamba samaki amekula kebo iliyo chini ya bahari." Bwana Tindwa akajipangusa jasho. "Samaki mkubwa."

Mwalimu Sikudhani akatafuta hasira ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo, akakuta mfuko mtupu. Akasema, "Haya."

Alhamisi iliyofuata Chausiku alikuwa wa kwanza kuketi. "Tuva! Mbona umevaa sweta la siku ile?" Tuva akatabasamu na pengo lake, akamuuliza anaitwa nani. Chausiku akajibu. Tuva akasema, "Chausiku, jina zuri." Halafu Chausiku akamuuliza kama paka wake amezaa, na Tuva akaendelea kusifia nchi.

"Mwalimu, Tuva hanisikii?"

"Mtandao uko chini, mwanangu."

"Utapanda lini?"

Mwalimu Sikudhani akageukia ubao na kufuta maneno ambayo yalikuwa yameshafutwa.

*

Mwaka huo mvua zilikuja kwa fujo. Lambo likafurika, vyoo vikafurika, na vyote viwili vikakutana. Ukazuka ugonjwa ambao haukuruhusiwa kutajwa, kwa sababu ulikuwa umeshatokomezwa rasmi na watu wakala pilau kwenye sherehe yake. Kwa hiyo waliougua waliandikiwa "uchovu wa msimu". Watoto kadhaa wa Mwendapole walikufa kwa uchovu huo, na Chausiku alikuwa mmoja wao. Alizikwa Jumanne, matope yakiwa bado yanateleza. Mwalimu Sikudhani alisimama pamoja na wanawake wengine, akaitikia dua, akarudi nyumbani, akapika, akala.

Alhamisi skrini ikawaka.

"Unaitwa nani?" Tuva akauliza.

Watoto wakalitazama dawati tupu la mbele. Tuva akangoja kwa adabu kama alivyongoja siku ile, kisha akasema, "Chausiku, jina zuri. Mimi ni Tuva." Mtoto mmoja nyuma akaanza kulia.

Kipindi kilipokwisha, Bwana Tindwa alimvuta Mwalimu kando. "Mwalimu, kuna pengo."

"Ndiyo, Bwana Tindwa. Kuna pengo."

"Nina maana kwenye kipindi. Yule mtoto anaita, haitikiwi. Mheshimiwa akiona hivi, mimi na wewe tumekwisha. Nina watoto, Mwalimu. Tafadhali tafuta Chausiku."

Mwalimu akamtazama. Yule bwana hakuwa na ubaya usoni, alikuwa na woga tu, na woga wake ulinuka jasho. Juma lililofuata msichana aitwaye Zawena alihamishiwa dawati la mbele, akafundishwa kusema, "Naitwa Chausiku. Nina miaka kumi."

Mama Chausiku alipomaliza matanga, alirudi na jiko lake. Hakuliweka tena langoni. Aliliweka chini ya dirisha la darasa. Mwalimu Sikudhani alipoliona akatoka kumfuata.

"Mama Chausiku, nisamehe. Si mimi niliyetaka haya."

"Najua, Mwalimu."

"Nitazungumza nao. Labda watakubali kuliondoa lile jina."

Mama Chausiku akageuza kipande cha muhogo kwenye mafuta. "Usiliondoe. Akiitwa, mimi hapa nanyamaza nisikie anavyoitika. Sauti si yake. Lakini anaitika."

Mwalimu akarudi darasani. Alijua kwamba hapo ndipo mtu mwenye moyo angelia.

*

Miaka ikapita. Zawena alimaliza shule, akaja Chausiku mwingine, na baada yake mwingine. Ikawa heshima. Wazazi walianza kuwabembeleza walimu ili binti zao wawe Chausiku wa mwaka, na mmoja alileta jogoo. Kila Alhamisi, baada ya kipindi, Mama Chausiku alimwita aliyekuwa Chausiku wa mwaka huo dirishani, akampa muhogo wa moto wenye chumvi na pilipili, akamtazama akila mpaka amalize.

Kwenye skrini Tuva hakukua. Jino lake halikuota. Mwalimu Sikudhani alijua ni lini angejikuna shingo, na ni lini ndege angepita kwenye dirisha lililo nyuma yake. Mpango ukapata tuzo ya Wizara, kisha tuzo ya Wizara nyingine iliyoona wivu. Mwalimu alipigiwa makofi, akapeana mikono. Siku moja dada yake alimpigia simu na kulalamika, "Wewe siku hizi ukizungumza unanyamaza katikati, kama unamngoja mtu." Mwalimu akamjibu kwamba ni uchovu wa msimu.

Halafu wafadhili wakaleta ombi la ajabu. Walisema wamefurahishwa sana na ripoti za Mpango, na wangependa kuzungumza na shule yenyewe, moja kwa moja, mbele ya waandishi wa habari. Upande wao angezungumza mmoja wa wanafunzi wa mwanzo ambaye hakuiacha lugha ile, na sasa alikuwa anasomea ualimu. Jina lake Tuva.

Mheshimiwa Bakora alikataa mara mbili. Alipoambiwa kwamba kuna msaada mwingine mkubwa nyuma ya mazungumzo hayo, aligundua kwamba siku zote alikuwa muumini wa mazungumzo.

Siku ikafika. Ukuta wa mbele ulipakwa rangi, ule ambao kamera ingeuona. Mheshimiwa aliketishwa karibu na feni. Watoto walikaririshwa upya, lakini walichokijua ni kipindi kimoja tu duniani, na hicho ndicho walichokaririshwa. Mbele aliketi Chausiku wa mwaka huo, msichana mdogo aitwaye Mboni, amefungwa utepe kichwani.

Skrini ikawaka. Akaonekana mwanamke kijana mwenye meno yote.

"Hamjambo nyote?" alisema. "Nimefurahi mno kuwaona. Yule samaki hatimaye ameshiba?"

Hayo hayakuwamo kwenye kipindi. Watoto wakamkodolea macho. Kisha sauti chache zikajaribu, "Maji safi na salama, ahsanteni!" Mheshimiwa akashangilia, na waandishi wakamfuata. Mboni akasimama.

"Naitwa Chausiku. Nina miaka kumi."

Tuva akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka polepole. "Hapana, mdogo wangu. Chausiku ni rika langu. Yuko wapi?"

Mheshimiwa akanyakua kipaza sauti. "Binti yetu, usishangae! Katika nchi hii huduma za afya zimeboreshwa kiasi kwamba watoto hawazeeki ovyo."

"Ahsante, mzee," Tuva akajibu kwa heshima. "Lakini nilikuwa namuuliza Mwalimu. Shikamoo, Mwalimu Sikudhani. Chausiku yuko wapi?"

Bwana Tindwa akamsogelea Mwalimu sikioni. "Masomoni ng'ambo. Sema yuko masomoni ng'ambo."

Mwalimu Sikudhani akafungua mdomo ili aseme hivyo. Haukuwa ushujaa uliomzuia, maana hakuhisi ushujaa wowote. Ila miaka yote hiyo alikuwa hajaulizwa swali ambalo hakulijua kabla, na jibu likatoka lenyewe, kwa maneno mepesi, kama anavyojibiwa mgeni anayejifunza lugha.

"Marahaba, Tuva. Chausiku alikufa."

Tuva akasogea karibu na kamera.

"Alikufa mwaka uleule. Mvua zilinyesha. Lambo likaingia uchafu. Akanywa." Kwa mazoea ya kazi yake Mwalimu akauliza, "Kufa. Unalijua neno hilo?"

"Nalijua," Tuva akasema, na machozi yakamshuka.

Bwana Tindwa akarukia ukutani na kuchomoa waya. Ulikuwa waya wa feni. Mheshimiwa alipokosa upepo akapiga kelele kuwa anahujumiwa, na mafundi, walinzi na waandishi wote wakakimbilia kuiokoa feni. Katika vurumai hiyo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Chausiku, anajifuta mafuta mikononi kwa upande wa kanga, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya skrini.

"Mimi ndiye mama yake," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Chausiku alikuwa mwananchi wa nchi ile tangu kuzaliwa, na alijua kila kitu hukatwa, umeme na hata maneno. Kwa hiyo hakupoteza muda kulia. "Una kalamu? Andika," akasema, akaitaja namba yake ya simu, tarakimu baada ya tarakimu, akairudia tena kwa sauti zaidi. Mheshimiwa aliposikia tarakimu akatulia kidogo na kutikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni takwimu za maendeleo. Kisha Bwana Tindwa akaupata waya wenyewe wa skrini, akauchomoa.

*

Siku ya pili magazeti yaliandika kwamba mfadhili alitokwa na machozi ya furaha. Wizara ikahifadhi kipindi kipya. Katika yote aliyoyasema Tuva, mafundi walikuta neno moja tu linalofaa, wakalikata na kulitunza. Tangu hapo, kila Alhamisi, watoto wa Mwendapole wakamuuliza, "Unalijua Taifa letu tukufu?" Na yule dada, machozi yakimlengalenga, akajibu, "Nalijua."

"Unalijua jeshi letu shupavu?"

"Nalijua."

"Unalijua jina la Mheshimiwa Waziri?"

"Nalijua."

Mtaalamu wa sarufi akaajiriwa makao makuu kutafuta mambo mengine ya kujivunia yaliyo katika ngeli ya LI-YA.

Mwalimu Sikudhani hakufungwa. Alihamishiwa shule ya mbali ambayo ilikuwa bado haijajengwa, akaagizwa kuripoti kila siku asubuhi. Hakuuliza ataripoti kwa nani. Jumapili kabla ya safari alikwenda nyumbani kwa Mama Chausiku kumuaga. Akamkuta uani amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo kwenye beseni, na simu yake ya kitochi imewekwa juu ya ndoo, sauti imefunguliwa.

"Karibu, Mwalimu, kaa. Niko darasani," Mama Chausiku alisema. Kisha akaiinamia simu. "Haya, mwanangu. Hii ninayofanya sasa inaitwa kumenya. Nikimaliza nakatakata. Sema."

"Kumenya. Kukatakata," ilijibu sauti ya Tuva.

"Hapigi kila siku," Mama Chausiku alimnong'oneza Mwalimu. "Jumapili tu. Ananiuliza alikuwa anapenda nini, alikuwa analalaje. Namwambia."

Kwa mbali lilisikika birika likichemka katika nchi ya theluji.

"Mama," Tuva akasema, "ninamkosa Chausiku."

Mwalimu Sikudhani akainua kichwa kabla hajajua anafanya nini. "Hatusemi hivyo, Tuva. Sema ninamkumbuka. Kumkosa mtu ni kumtafuta usimpate."

Mama Chausiku akasimamisha kisu. "Mwache, Mwalimu," alisema. "Kasema sawa."

Mwalimu akafungua mdomo ili aeleze tofauti ya maneno yale mawili, kisha akaufunga. Akajivutia beseni, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya mihogo iliyobaki.